Mwambieni Mtu Mshahara Wake Unatoka Wapi

Barua ya wazi kwa maafisa utumishi na mameneja rasilimali watu wanaoajiri Kilosa na Mikumi

Ndugu zangu,

Barua hii ningeweza kumwandikia waziri wa kazi au mbunge wetu, na huenda siku nyingine nitafanya hivyo. Nimeanza na nyinyi kwa sababu saini iliyo chini ya mkataba wa kijana wa hapa ni yenu. Waziri hamjui kijana huyo. Benki iliyo London na mfadhili aliye Washington hawamjui. Nyinyi mnamjua kwa jina, mna namba yake ya NSSF na simu ya mzazi wake, na siku kazi inaposimama nyinyi ndio mnaomwita ofisini kumpa bahasha.

Ombi langu ni hili: mambo ya dunia yanayoweza kuikata kazi ya mtu, kama uchaguzi wa Marekani, vita, vikwazo vya biashara na ugomvi wa mataifa makubwa juu ya shaba, yaingie kwenye mipango yenu ya wafanyakazi kama mnavyoingiza likizo na mafao. Na mfanyakazi aambiwe hayo kwa Kiswahili kabla hajasaini.

Niliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa mashambani, kwa hiyo mikataba nimeisoma mingi na wenzenu kadhaa nimeketi nao mezani. Najua shinikizo mnalopata kutoka juu. Bado nasema mnaweza kufanya zaidi ya mnavyofanya.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku nne baadaye amri za kusimamisha kazi zikaanza kutumwa kwa mashirika yanayoendesha miradi. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na ilipofika Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Mimi hayo niliyasikia redioni. Mpwa wangu aliyapata kwa ujumbe wa simu. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa waliokatisha dawa za VVU, nyumba kwa nyumba, kwa pikipiki ya mradi, akiwa na daftari la majina ambalo hata sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa kulishika. Ujumbe ulimkuta njiani: asimamishe shughuli zote mara moja. Mkobani alikuwa na dawa za mwezi mzima za bibi mmoja asiyeweza kutembea hadi kituo cha afya. Akapiga simu kuuliza kama ampelekee. Akajibiwa asubiri maelekezo. Alizipeleka hivyohivyo, kisha akaenda kurudisha pikipiki.

Mwajiri wake simtaji, kwa kuwa jambo lenyewe liliwapata wengi nchi nzima, na Kenya na Uganda pia. Jioni moja tulikaa barazani tukaufungua mkataba wake. Kwenye ukurasa wa saba kulikuwa na kifungu kimoja kifupi, kwa Kiingereza, kinachosema ajira itaendelea kwa kadiri fedha za mfadhili zitakavyopatikana. Alikuwa amekisaini kila mwaka mkataba ulipohuishwa, na hakuna aliyewahi kumsomea. Afisa utumishi aliyempa mkataba ule naye alipoteza kazi wiki hiyohiyo, kwa kifungu hichohicho. Ndiyo maana siandiki kuwashitaki.

Linaloniuma ni kwamba dalili zilikuwepo. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uliokuwa ukilipia sehemu kubwa ya kazi kama ya mpwa wangu, ulianzishwa mwaka 2003 chini ya George W. Bush, na Bunge la Marekani likawa linauhuisha kwa miaka mitano mitano: 2008, 2013, 2018. Mwaka 2023 muda ulipita bila kuhuishwa, kwa sababu wabunge walikuwa wakibishana juu ya utoaji mimba. Machi 2024 ukapewa mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025. Yaani miezi kumi kabla ya Trump kuapishwa, yeyote aliyekuwa akiajiri watu kwa fedha zile angeweza kuona kwamba chini ya ajira hizo hakukuwa tena na miaka mitano, kulikuwa na mmoja. Habari hiyo haikuwa siri. Ilitangazwa. Lakini kati ya gazeti la Washington na mpwa wangu hapakuwa na mtu aliyeona kwamba ni kazi yake kuivusha. Mtu huyo, kwa maoni yangu, ni afisa utumishi.

Mtaniambia kwamba hiyo ni bahati mbaya ya mara moja. Wilaya hii inakataa. Hakuna kizazi cha Kilosa kilichofanya kazi ya mshahara bila kazi hiyo kuletwa au kuondolewa na jambo lililoamuliwa mbali.

Chukueni mkonge. Babu yangu mzaa mama alikuja hapa kutoka Songea kama manamba wakati wa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1942 Japani iliiteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi huko Asia, na mataifa yaliyokuwa yakipigana nayo yakapoteza katani iliyotengenezewa kamba za meli zao. Tanganyika ikabaki kuwa tegemeo lao kubwa. Serikali ya kikoloni ikaanza kuandikisha watu kwa lazima kwenda mashamba ya mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya vijana Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka, ikawapakia treni na malori, ikawashusha Tanga, Morogoro, na kwetu Kimamba na Rudewa. Ukiuliza leo kwa nini Kilosa kuna Wangoni, Wanyamwezi, Waha na Wamakonde pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wenye nchi, sehemu ya jibu iko kwenye vita ya bahari ya Pasifiki.

Kisha ikaja vita ya Korea, mwaka 1950, na bei ya katani ikapaa. Mashamba yakapanuka, mashine za korona zikasaga mkonge usiku na mchana, kambi zikajaa. Babu alihesabu maisha yake kwa kipande cha siku 30. Alijua bei ya unga dukani kwa Mhindi, hakujua bei ya singa London. Meneja wake aliijua, kwa sababu aliletewa kwa simu ya maandishi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza dunia, na huo ndio ukawa mwisho wa kupanda. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni Ulaya na Marekani. Bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na katika miaka iliyofuata uzalishaji ukashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya ule wa 1964. Babu alikwishazeeka. Hakuwa na shamba lake, maana alikuja kama mtu wa kambi, wala hakuwa na ujuzi mwingine zaidi ya kukata majani na kufunga vitita. Alipewa kijisehemu na mwenyeji mmoja, akakaa hapo.

Nimekaa na habari ya babu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo lililo lenu hasa. Meneja wa shamba lile aliyasoma mabadiliko ya dunia vizuri sana. Aliyasoma kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya hekta, kwa ajili ya wenye hisa. Kwa ajili ya watu wa kambi hakuyasoma. Leo kampuni zina washauri wa hatari za kisiasa, zina bima ya meli, zina mikataba ya kubadili fedha ili shilingi ikishuka zisiumie. Nawauliza kwa dhati: ni nani kati yenu aliyeingia kwenye kikao cha bodi na ukurasa mmoja unaosema, njia hii ya fedha ikifungwa, watu hawa 140 watakwenda wapi na kwa karatasi gani mkononi?

Kuna mfano mmoja wa kazi kubwa iliyoletwa na siasa ambao ulijali watu zaidi, na uko jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia, na Zambia ikajikuta shaba yake haina njia salama ya kwenda baharini. Malori yakaanza kupita Mikumi yakipeleka mafuta na kurudi na shaba, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyoua watu wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara ikajengwa upya, na Mikumi ikawa mji wa gesti, gereji na sufuria za mama lishe. Nchi za Magharibi zilikataa kujenga reli ya kufika Zambia, China ikakubali. Kazi ya reli hiyo, TAZARA, ilianza mwaka 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kwa upande wetu kambi kubwa ikawa Mang'ula, karibu na Kidatu, ambako reli ile ilikuja kukutana na tawi la reli ya kati linaloanzia Kilosa na kupita Mikumi.

Nakumbusha jambo moja tu katika hayo yote. Reli ikiwa bado inajengwa, vijana wa Kitanzania na Kizambia wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea uhandisi na uendeshaji wa reli, ili siku ya kukabidhiwa, mwaka 1976, kuwe na watu wa kuishika. Kwenye karakana ya Mang'ula mafundi waliachiwa mashine na kazi ya kufanya. Kulikuwa na upungufu mwingi, na reli yenyewe baadaye iliyumba vibaya. Lakini kuna mtu aliyekaa akauliza mapema: wageni wakiondoka, nani atabaki anajua nini? Swali hilo ndilo moyo wa kazi yenu.

Na TAZARA iliyumba kwa nini? Sababu ni nyingi, ya kwanza ikiwa usimamizi. Ila kuna moja ambayo huwa hatuisemi kwa kuwa ni chungu. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 na Afrika Kusini ilipoangusha ubaguzi mwaka 1994, bandari za kusini zikafunguka kwa Zambia, na mzigo ukageuka. Ukombozi tulioupigania, tukautolea damu na chakula chetu, ndio uliopunguza kazi Kidatu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayejutia ukombozi. Bado mfanyakazi wa reli aliyekuwa akicheleweshewa mshahara miezi kadhaa alistahili kuelezwa mapema kwamba dunia imegeuka na yeye ajipange.

Sasa dunia inageuka tena palepale. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia mjini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Desemba mwaka huohuo Rais Joe Biden alikuwa Angola, akiipigia debe reli ya Lobito inayopeleka shaba ya Kongo na Zambia upande wa Atlantiki. Shaba ni ileile, na shindano la nani aichukue na kwa bandari ipi linaamua kama kijana wa Mikumi atakuwa fundi matairi mwenye wateja au asiye nao. Barabarani nako hakuna utulivu. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini, akijibu vizuizi vyao kwa mazao yetu, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache. Mama anayepika wali kando ya barabara kuu hasomi taarifa za wizara. Anaona tu malori mangapi yameegesha.

Nije kwa vijana wa reli mpya, maana hao ndio wanaojaa hapa kwetu. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, Julai 2024, Kilosa tulishangilia, na mimi nilishangilia. Ujenzi wa reli hiyo hadi Makutupora ulisaidiwa na mkopo wa dola bilioni 1.46 uliopangwa na benki ya Standard Chartered mwaka 2020, ukidhaminiwa na taasisi za mikopo ya mauzo ya nje za Denmark na Sweden. Kwa maneno mengine, kijana aliyefunga nondo kwenye mahandaki ya Kilosa alikuwa akila kwa uamuzi uliofanywa Copenhagen na Stockholm. Ujenzi wa reli una mwisho, kila mtu anajua, kwa hiyo hapa hapakuwa na ghafla yoyote ya kujitetea nayo.

Mmoja wao alikuja kwangu nimwandikie barua ya maombi ya kazi. Alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha saiti kilichochanika pembe, hati za mshahara zilizofungwa kwa mpira, karatasi ya mafunzo ya usalama, na mkataba wa kandarasi ndogo ambayo siitaji. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini. Akanieleza, kwa mikono yote miwili, jinsi ya kusoma mchoro wa nondo za ukuta wa handaki, nafasi kati ya nondo na nondo, wapi panapishana na kwa urefu gani, na kwa nini zege ya kupuliza inahitaji waya usiolegea. Alikuwa amewafundisha wengine sita. Mkataba wake ulisema: kibarua. Hati zote za mshahara zilisema: kibarua. Barua yake ya kumaliza kazi ilikuwa na mistari miwili na ikasema: kibarua. Reli inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, na mpango upo wa kuvuka hadi Musongati, Burundi. Huko wanahitaji hasa mtu kama yeye. Hana namna ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye.

Ndugu maafisa, hili halihitaji fedha za bodi. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, mtu anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili, na chuo cha VETA kipo Mikumi, humuhumu. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara. Mmelipa tayari. Kinachokosekana ni afisa mmoja wa kuandaa orodha, kuwaita wapimaji saiti, na kubadili neno kwenye barua ya kumaliza kazi likaeleza kazi iliyofanyika. Na kwa kampuni zinazoleta wageni, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Nimeona mipango hiyo imejazwa majina ili kibali kipite, na mwenye jina hajui kama ameandikwa mrithi wa mtu.

Wa hoteli na kambi za Mikumi nanyi msikae mbali mkidhani ninawazungumzia wa reli. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa nje 1,527,230, mwaka uliofuata 620,867. Hiyo ilikuwa korona, na kila mtu ana udhuru wa korona. Lakini mradi wa REGROW, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia kwa hifadhi za kusini ikiwemo Mikumi, ulisitishiwa fedha Aprili 2024 kwa madai ya ukatili dhidi ya wanavijiji wa jirani na hifadhi ya Ruaha, na ukafutwa Novemba mwaka huo. Jambo limetokea Ruaha, uamuzi umefanyika Washington, na aliyetarajia kazi ya ujenzi wa miundombinu ya hifadhi Mikumi akabaki anasubiri. Sisemi benki ilikosea. Wanavijiji walioumizwa wana haki yao. Nasema mipango ya ajira ya kusini yote ilipaswa kuhesabu kwamba fedha za aina hiyo huja na masharti, na sharti likivunjwa wilaya ya pili, mshahara unakatika wilaya ya tatu.

Na mabinti wetu waliokwenda Morogoro mjini kushona kwenye kiwanda cha Mazava, nguo za michezo kwa soko la Marekani, walitegemea AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ambayo muda wake ulifika kikomo 30 Septemba 2025, na hatima yake ikabaki mikononi mwa wabunge ambao hawajui Msamvu ya Morogoro iko wapi.

Mtanijibu, maana nimeshawasikia wengine wakijibu hivi: tukimwambia mfanyakazi kwamba fedha zinaweza kukatika, ataondoka mapema na tutabaki na pengo. Angalieni wakata miwa wa Ruhembe. Wanajua tangu siku ya kwanza kwamba mvua za masika zikikaribia kiwanda kitafunga msimu. Sijaona anayetoroka mwezi wa tisa kwa sababu ya kulijua hilo. Wanatuma fedha nyumbani, wanakodi nusu eka ya mpunga, wanamwambia mke lini watarudi. Mtu akijua anajipanga, na aliyejipanga hufanya kazi kwa utulivu. Anayeondoka kwa hasira ni yule aliyegundua kwamba ulijua ukanyamaza.

Jibu la pili huwa ni kwamba uamuzi uko makao makuu. Ni kweli. Ila sheria imewapa nyinyi neno la kusema, na nashangaa mnavyoliacha. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane nao juu ya namna ya kuepuka, nani aguswe na lini, kabla hajaamua. Mara tu anapofikiria, si siku ya bahasha. Mnasema mkandarasi hana muda huo. Basi mpeni muda kwa kuanza kufikiri mapema. Wengine mnakwepa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, mkiamini kwamba aliye chini ya miezi sita hana ulinzi. Someni kifungu cha 35 vizuri: miezi sita huhesabiwa kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au mingi.

Malipo ya kuachishwa nayo ni madogo, msitie chumvi mkisema yataua kampuni. Ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Fao la kukosa ajira la NSSF ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Yupo kijana hapa aliyekosa fao hilo kwa sababu mwajiri wake alikata michango miezi mitano bila kuipeleka. Hesabu za namna hiyo ziko mezani kwenu kila mwezi. Mradi unaotegemea mfadhili mmoja, au mkopo mmoja, au soko moja, uwe na akiba ya kulipa watu hawa ikiwa imewekwa kando tangu mwanzo, kwenye akaunti isiyoguswa kununua dizeli. Bajeti ya mradi inapoandikwa, nyinyi muwe chumbani. Nawajua maafisa utumishi wanaoletewa bajeti ikiwa imekwisha, wakaambiwa wajaze majina tu. Kataeni hilo. Mkikaa kimya hapo, hakuna mwingine atakayeuliza.

Na kile kifungu cha ukurasa wa saba kipandishwe ukurasa wa kwanza. Kiandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: mshahara wako unatoka kwa fulani, kupitia fulani, umeahidiwa hadi mwezi fulani, na jambo hili au lile likitokea kazi hii inaweza kusimama kabla ya hapo. Kila nusu mwaka mtu aitwe aambiwe kama hali imebadilika. Mtendaji wa kata anaweza kubandika nakala ukutani. Sioni siri ya biashara inayovuja hapo, maana mikopo na misaada hii yote hutangazwa na wenyewe kwa sherehe na picha.

Fursa ya kuanza iko mbele yetu. Ukarabati wa TAZARA utahitaji watu Kidatu na Mang'ula, na vijana wa Kilosa wataifuata kazi hiyo kama babu zao walivyofuata mkonge. Watakaoandikishwa huko waandikwe kazi wanayoifanya, wapimwe na VETA wakiwa bado kazini, na waambiwe kwamba reli hiyo ina mshindani Angola na kwamba mshindani huyo anaweza kushinda.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Njooni na rasimu ya mkataba tuisome pamoja, kifungu kwa kifungu, kabla hamjaanza kuandikisha watu. Nimeshamwomba mwenyekiti awape nafasi ya kwanza kwenye ajenda, na amekubali.

Wenu katika kazi,

Katibu mstaafu wa tawi, chama cha wafanyakazi wa mashambani,
Mabwerebwere, Kilosa